Kamba ya Katani, Sururu ya Nyundo: Jinsi ya Kutengeneza Vifaa vya Kupandia Mlima kama vya Nanyuki 1943

Tarehe 24 Januari 1943, Waitaliano watatu waliokuwa mateka wa vita walitoroka kambi ya Waingereza hapa Nanyuki. Hawakuwa wanakimbilia mpakani. Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitaka kupanda Mlima Kenya, kisha warudi kambini kwa miguu yao wenyewe, na ndivyo walivyofanya. Barsotti aliugua akabaki kwenye kambi ya chini. Benuzzi na Balletto walijaribu Batian, kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,199, mwamba na theluji vikawashinda. Tarehe 6 Februari wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya kwao. Waliporudi walihukumiwa siku 28 za kifungo cha seli, lakini wakatoka baada ya siku 7 kwa sababu mkuu wa kambi aliuheshimu moyo wao.

Kwangu mimi, fundi wa chuma, habari yenyewe hasa iko kwenye mizigo yao. Hawakuwa na duka, hawakuwa na ramani. Picha ya mlima waliipata kwenye nembo ya kopo la nyama. Sururu za barafu zilitokana na nyundo, kramponi, yaani meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, zikatokana na vyuma chakavu vya magari, na kamba wakazipata kwenye katani iliyokuwa imefumwa vitandani mwao. Kila kitu kilipita mikononi mwa watu waliojua kwa nini kinatengenezwa.

Nimekuwa nikitengeneza nakala za vifaa hivi pamoja na wanafunzi wanaopenda milima, na mwongozo huu ni yale tuliyojifunza. Nimechanganya humo na mbinu za wapandaji wa Uingereza na Marekani wa zamani, maana nao walianzia kwenye jalala na karakana.

Kabla hujawasha moto

Vifaa hivi ni vya kujifunzia, vya maonyesho, na vya kutembelea kwenye miteremko ambayo hata ukiteleza utaishia kuchafua suruali. Usivitundikie mwili wako. Nasema hivi mapema kwa sababu kitu ulichokitengeneza mwenyewe hukupa imani kuliko kinavyostahili.

Chanzo cha hatari ni kamba. Kamba ya nailoni ya kisasa hunyooka mtu anapoanguka, ikaula mshtuko polepole. Katani na kitani hazinyooki kiasi hicho. Mshtuko wote unafika kwa mara moja, na kinachokatika ni kamba au ni mgongo wa mtu. Mwaka 1865, timu ya Mwingereza Edward Whymper ilipokuwa ikishuka kutoka kilele cha Matterhorn, kwenye milima ya Alps, kwa mara ya kwanza katika historia, mmoja aliteleza akawavuta wenzake, kamba ikakatika, watu wanne wakafa. Kipande cha kamba hiyo kingali kwenye makumbusho ya Zermatt, Uswisi. Ndiyo maana wapandaji wa enzi hizo walikuwa na sheria moja iliyozidi zote: anayetangulia haanguki. Walipanda chini ya uwezo wao makusudi. Nailoni ilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo watu walipoanza kuthubutu kuanguka.

Kwa kazi ya chuma, vaa miwani, aproni ya ngozi na viatu vilivyofunika vidole. Usitie motoni chuma chochote chenye rangi ya mabati. Moshi wa zinki hukupa homa na kifua kubana usiku huohuo.

Kamba

Anza na kamba, kwa sababu haihitaji moto na itakufundisha subira. Kwa kamba ya mita 10, unene wa milimita 12 hivi, nunua uzi wa katani wa kufungia mizigo, ule wa milimita 3, mita 180. Utaukata vipande 12 vya mita 15. Usishangae kwamba mita 15 zinazaa 10. Kusokota kunakula karibu theluthi moja ya urefu.

Chukua uzi mmoja uushike wima mbele ya macho. Mistari yake itaegemea ama kama mstari wa katikati wa herufi Z, ama kama wa herufi S. Uzi wa dukani kwa kawaida ni wa Z. Siri yote ya kamba iko hapa: uzi ukiwa Z, msokoto unaouunganisha uwe S, na kamba nzima irudi kuwa Z. Kila hatua inapingana na iliyotangulia, kwa hiyo kila moja inapotaka kufumuka inaikaza nyingine. Ukisokota vyote upande mmoja, utapata kitu kinachojikunja mafundo kama nyoka aliyekanyagwa, na ukikiachia kinafumuka chote.

Mashine yake ni rahisi. Tafuta mbao mbili za sentimita 30 hivi. Zifunge pamoja kwa jiliwa, utoboe matundu matatu yanayopita zote mbili, yakae kwenye pembe za pembetatu, sentimita 10 kati ya tundu na tundu. Kunja nondo tatu za milimita 6 ziwe na umbo la mkono wa kuanzishia gari la zamani: upande mmoja ndoano, katikati kiwiko, upande wa pili uingie kwenye ubao wa nyuma. Ubao wa mbele ugongelee kwenye nguzo imara. Ukizungusha ule wa nyuma kwa mkono, ndoano zote tatu zinazunguka pamoja na kwa kasi moja.

Upande wa pili, mita 15 kutoka hapo, weka ubao mzito chini kama sanduku la kuburuta, uupakie mawe ya kilo 15 hivi, na uufunge ndoano moja inayoweza kuzunguka. Sasa unahitaji kichwa: kipande cha mti chenye umbo na ukubwa wa parachichi, ulichokichonga mifereji mitatu ubavuni kutoka upande mnene hadi uliochongoka.

Kazi yenyewe inakwenda hivi:

1. Kutoka kila ndoano ya mashine, vuta nyuzi nne hadi ndoano ya ubao wa mawe. Kaza zote sawasawa. Pitisha kidole juu ya kila uzi kama unavyojaribu nyuzi za gitaa. Ulio mlegevu ufungue uufunge tena.

2. Ingiza kichwa cha mti karibu na ubao wa mawe, kila fungu kwenye mfereji wake, ncha iliyochongoka ikielekea kwenye mawe.

3. Zungusha mashine upande unaopingana na msokoto wa uzi. Mafungu yatakaza na kufupika, na ubao wa mawe utaanza kusogea wenyewe. Mwenzako ashike kichwa kisikimbie, na ndoano ya ubao wa mawe iwe imefungwa isizunguke.

4. Ubao ukishasogea mita mbili hivi, achia ndoano ile izunguke. Kamba itaanza kujifunga nyuma ya kichwa cha mti na kukisukuma kuelekea kwenye mashine. Endelea kuzungusha mashine, bila kusimama, bila haraka.

5. Kichwa kikifika mwisho, funga ncha zote mbili za kamba kwa uzi mwembamba uliozungushwa mara 15 na kukazwa, kabla hujaitoa kwenye ndoano yoyote.

Hatua ya nne ndiyo iliyotushinda mwanzoni. Tulikuwa tukisukuma kichwa kwa mkono, tukapata kamba iliyobana sehemu moja na kulegea nyingine. Aliyetuokoa ni shosho mmoja jirani, aliyesuka vyondo tangu ujana wake na ambaye husokota uzi wa mkonge kwa kuuviringisha pajani kwa kiganja kilichopakwa jivu. Alisimama akatutazama, kisha akaniambia, “Mjukuu wangu, usiisukume. Izungushe tu, halafu uone yenyewe inataka kwenda wapi.” Nikamjibu, “Asante, shosho,” nikaondoa mkono. Kichwa cha mti kikaanza kutembea polepole kuelekea kwenye mashine, na nyuma yake kamba ikawa inatoka laini, mistari yake sawa kama ya duka. Nimesokota kamba nyingi tangu siku hiyo na bado napenda kutazama pale kinapoanza kwenda.

Kamba mpya huwa na manyoya. Ipitishe haraka juu ya moto wa gesi, manyoya yaungue bila nyuzi kuguswa, kisha iisugue kwa gunia kuukuu. Halafu itundike na uzito wa kilo 30 usiku kucha ili ikae.

Kuipima, tundika pipa la lita 200 kwenye boriti kwa kamba yako, sentimita chache tu juu ya ardhi, na ujaze kwa ndoo. Kila ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hesabu inakuwa rahisi. Kamba yetu ya kwanza ilikatika kwenye ndoo ya tisa. Tulipoifumua tuliona kisa: fungu moja lilikuwa fupi kuliko mengine, kwa hiyo lilibeba mzigo peke yake hadi likakatika, kisha mawili yaliyobaki yakapokea mzigo ghafla. Kamba ya pili ilimaliza pipa. Tukafurahi sana. Ndipo tukaifunga gunia la mchanga la kilo 60 na kuliachia lianguke mita moja tu. Ilikatika kwa mlio wa bunduki. Kamba ya nailoni ya unene uleule, kwa gunia lilelile, ilinyooka ikatulia. Fanya jaribio hili mbele ya kila mtu atakayekisogelea kifaa chako, na wasimame mbali, maana ncha iliyokatika inarudi kama mjeledi.

Zamani kamba ilifungwa kiunoni moja kwa moja, bila mkanda wa mapajani. Waingereza walikuwa na mtindo wa kuzungusha kamba nyembamba kiunoni mara nyingi, kisha wakafunga kamba kubwa hapo kwa karabina, pete ya chuma yenye mlango unaojifunga. Wafundishe wanafunzi mtindo huo chini, wakiwa wamesimama. Mtu aliyening'inia kwa kiuno hubanwa kifua na kukosa pumzi kwa muda mfupi sana.

Sururu ya barafu

Mhunzi aliyegeuza nyundo kuwa sururu alichagua vizuri. Kichwa cha nyundo nzuri ni feleji, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha kugumu kikizimwa, na tundu la mpini limo tayari. Nunua nyundo ya kilo moja iliyofuliwa. Iliyomiminwa kwenye kalibu iache. Hiyo ina mstari wa kiungo ubavuni na itapasuka ukiipiga ikiwa moto.

Choma mpini wa zamani utoke, au uutoboe. Washa makaa, pandisha chuma hadi rangi ya chungwa. Kikianza kutoa vimulimuli kama vya fataki, umekiunguza na hakirudi. Kikishuka hadi wekundu hafifu, acha kupiga, kirudishe motoni. Ufa mwingi niliouona kwenye kazi za wanafunzi ulitokana na pigo moja la ziada juu ya chuma kilichokwisha kupoa.

Uso mmoja uvute uwe mdomo wa sentimita 18: mraba kwanza, kisha ubapishe kidogo kwa ubavu, kisha uukunje chini taratibu, ule mkunjo wa mkono unaopiga. Uso wa pili ubapishe uwe jembe dogo lenye upana wa sentimita 5, la kuchimbia ngazi kwenye barafu. Muda wote weka kipande cha chuma chenye umbo la tundu ndani ya tundu la mpini, lisije likabonyea. Sisi tulilisahau mara moja, ikatugharimu siku nzima ya kupiga tupa.

Ukimaliza kufua, pasha kichwa chote hadi chekundu na ukiache kipoe hewani polepole. Rudia mara tatu. Hii inatuliza chuma kilichopigwa. Kisha mdomo peke yake upashe hadi sumaku isishike, uuzime ndani ya mafuta ya injini ya uvuguvugu, sio maji. Sasa ni mgumu kama kioo na utavunjika kama kioo. Mdomo wa sururu yetu ya kwanza ulivunjika siku ya kwanza, kwenye kisiki, kwa sababu tuliishia hapo.

Bado kuna kuulegeza. Sugua mdomo kwa msasa hadi ung'ae, uuweke katikati yake juu ya makaa, ncha ikiwa nje, na uutazame bila kupepesa. Rangi zitatembea juu ya chuma: kwanza manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu. Zambarau ikifika kwenye ncha, tumbukiza majini mara moja. Fanya kazi hii kivulini. Juani rangi hizo huzioni mpaka zimeshapita.

Mpini wa zamani ulikuwa mrefu, kwa sababu sururu ya barafu ilizaliwa kutokana na fimbo ndefu ya wachungaji wa Alps iliyounganishwa na shoka. Sentimita 85 zinatosha. Chagua mti ambao mistari yake inakwenda moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho. Mzeituni mwitu ni imara lakini mzito, na mpini mzuri wa sururu ya shamba uliochongwa upya unafaa bila kumsumbua mtu msituni. Chini piga pete ya bomba na msumari mnene uliochongoka. Paka mafuta ya kitani, siku tatu mfululizo, kitambaa kikavu kila mara. Kitambaa chenyewe kikishatumika kianike kimetandazwa nje, kwa sababu kikikunjwa na mafuta hayo kinaweza kuwaka chenyewe.

Kramponi

Kabla ya kramponi, mtu wa mbele alichimba ngazi kwenye barafu, hatua kwa hatua, saa baada ya saa. Karibu na mwaka 1910, mhunzi Henry Grivel wa Courmayeur, Italia, alifua kramponi za meno 10 kwa kufuata wazo la Mwingereza Oscar Eckenstein. Mwaka 1929 mwanawe Laurent akaongeza meno mawili yanayotazama mbele. Kwa nakala yako fuata ya meno 10. Meno ya mbele yanahitaji buti ngumu kama ubao, na kazi yake kwa anayeanza ni maumivu tu.

Vaa buti utakazotumia, simama juu ya kadibodi kwa uzito wako wote, chora mzunguko. Gawa mchoro sehemu mbili, ya mbele na ya kisigino, kwa sababu buti hukunjika na chuma kikiwa kipande kimoja kitakatika. Mbele meno sita, kisigino manne, yote ukingoni mwa soli. Katikati ya wayo, pale palipoingia ndani, pasiwe na jino.

Bamba la milimita 4 linatosha. Kata kila sehemu pamoja na meno yake yakiwa yametandazwa kama vidole, kila jino sentimita 4, kisha yapashe moto na kuyakunja kwenda chini. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Pale jino linapokutana na fremu, toboa kwanza tundu la milimita 6, kisha msumeno uishie ndani ya tundu hilo. Kona kali ni mwanzo wa ufa. Kona ya mviringo inagawa nguvu. Kunja chuma kikiwa chekundu, juu ya ukingo wa fuawe uliomviringo, kamwe sio juu ya ukingo mkali. Angalia kila mkunjo kwa kioo cha kukuzia. Ukiona mstari mwembamba kama unywele, kata upya.

Unganisha sehemu mbili kwa bawaba ya bamba mbili na ribiti, iwe inacheza bila kuyumba. Meno yachonge kwa tupa, wala usitumie grainda mwishoni, maana joto lake linaua ugumu wa ncha. Mikanda iwe ya ngozi au ya pamba nene, ikipita kwenye pete nne. Hapa wazee wa Alps waliumia sana: mkanda uliokazwa mno ulizuia damu, na vidole vilivyokosa damu kwenye baridi viliganda. Kidole chako kimoja kiweze kupita chini ya mkanda kwa shida kidogo.

Kuzijaribu hapa kwetu kuna huzuni yake. Barafu ya Lewis, iliyokuwa imetanda chini ya Lenana wakati Benuzzi anapita, imebaki kidogo sana. Tunazijaribu kwenye mteremko wa nyasi zilizolowa na udongo wa mfinyanzi. Meno yote kumi yaingie kwa pamoja, kifundo cha mguu kikiinama kufuata mteremko. Ukitembea kwa ukingo wa mguu kama unavyotembea na buti za kawaida, utajikata shavu la mguu wa pili.

Nati za reli

Wapandaji wa Wales, Uingereza, walikuwa na tatizo tofauti: mwamba wenye nyufa, na chuki ya kupigilia misumari ya kushikilia kamba. Miaka ya 1920, kwenye ukuta wa Clogwyn Du'r Arddu, ubavuni mwa mlima Snowdon, wapandaji walibeba mawe madogo, wakayakwamisha kwenye ufa na kuyazungushia kamba. Reli ya treni inayopanda mlima huohuo inapita karibu na ukuta ule. Baadaye watu wakaanza kuokota nati zilizodondoka kandokando ya reli, wakapitisha kamba kwenye tundu, wakazikwamisha mahali pa mawe. Mwaka 1961 John Brailsford alitengeneza nati ya kwanza iliyokusudiwa kwa kupanda tangu mwanzo, akaiita Acorn. Vifaa vyote vya kisasa vya kukwamisha kwenye ufa vina damu ya nati zile.

Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Nunua kwa muuza chuma chakavu nati tano za ukubwa tofauti, kuanzia tundu la milimita 12 hadi 25. Usiguse nati iliyo kwenye reli wala iliyolala karibu nayo. Nyingine zinasubiri fundi wa reli, na maisha ya abiria yako hapo. Toboa nyuzi za ndani zote zitoke kwa drili, kisha tupa ya mviringo ilainishe midomo ya tundu pande zote mbili hadi kidole kisisikie ukali. Nyuzi za nati ni msumeno kwa kamba. Zitie kwenye kitanzi kimoja cha mita moja na robo, kubwa hadi ndogo, na uone jinsi zinavyogonganagongana ukitembea. Sauti hiyo wazee wa Wales waliijua vizuri.

Mkalishe mwanafunzi mbele ya ukuta wa mawe wa kawaida, futi tatu kutoka ardhini, atafute mahali ufa unapokuwa mpana juu na mwembamba chini. Nati ikae pale, aivute kwa mguu aliouingiza kwenye kitanzi. Ikitoka, atatua chini salama na atakuwa amejua kwa nini ilitoka.

Misumari ya mwamba, nguo na mengineyo

Misumari ya mwamba naieleza kwa ufupi, kwa kuwa sitaki mtu aende kuipigilia mlimani. Inaacha makovu yasiyopona. Lakini historia yake ni ya karakana tupu. John Salathé, mhunzi Mswisi aliyehamia California, alifua misumari migumu kwa sababu ile laini ya Ulaya ilijipinda kwenye granaiti ya Yosemite. Mwaka 1957 Yvon Chouinard alinunua tanuri na fuawe kuukuu, akaanza kuuza yake kwa dola 1.50 moja. Mwaka huohuo Warren Harding na wenzake walipoanza kupanda El Capitan, ukuta mkubwa wa Yosemite, walikutana na ufa mpana usioshikwa na msumari wowote, wakautia miguu ya majiko iliyotoka jalalani. Ufa huo hadi leo unaitwa kwa jina la miguu ya majiko. Ukitaka kuonyesha msumari, fua mmoja kutoka springi ya gari na uupigilie kwenye gogo. Sikiliza mlio: unaopanda juu kwa kila pigo unashika, unaobaki mzito haushiki.

Nguo: blanketi la sufu lililoshonwa mara mbili mabegani. Sufu ikilowa bado inapasha, pamba ikilowa inakuua. Buti: soli ya ngozi iliyopigiliwa misumari ya vichwa vipana ukingoni. Ukipenda soli ya mpira, hata hiyo ina mwanzo wake kwenye matairi: Vitale Bramani wa Milano aliibuni mwaka 1937 kwa msaada wa kampuni ya Pirelli, baada ya wenzake sita kufa mlimani miaka miwili kabla.

Kutunza na kuweka alama

Katani huoza ikiwekwa mbichi. Ioshwe kwa maji tu, ianikwe kivulini, itundikwe kwenye mti wa mviringo, mbali na panya na betri za gari, maana mvuke wa asidi unaila bila kuonyesha. Kila baada ya miezi mitatu ifungue msokoto kidogo kwa vidole sehemu tano tofauti utazame moyo wake. Nyuzi zikiwa na unga au harufu ya uyoga, ikate vipande vya sentimita 50 isije ikatumiwa na mtu asiyejua.

Chuma kipake mafuta mepesi. Kwenye mpini wa sururu, kwenye fremu ya kramponi na kwenye ncha zote mbili za kamba, andika kwa wino usiofutika au kwa nukta za tindo mwezi na mwaka wa kutengenezwa, jina la aliyetengeneza, na maneno haya kwa herufi kubwa: NAKALA, SI YA KUNING'INIA. Kwenye kamba tunatumia kibati cha alumini kilichokatwa kutoka kopo la soda, kilichokunjwa juu ya uzi wa kufungia ncha na kubanwa kwa koleo.